KIJANA, NUNUA BODI, USINUNUE MNG'ARO!

Kijana mwenzetu wa Manzese, wa Buguruni, wa Tandika na wa Temeke, leo tunazungumza na wewe. Hatuzungumzi na kigogo aliyejificha nyuma ya kioo cheusi, maana yeye gari hanunui, ananunuliwa. Tunazungumza na wewe unayehesabu noti moja moja, uliyecheza upatu miaka miwili bila kukosa, uliyeuza kiwanja cha urithi, au ambaye sasa hivi unamshawishi mama yako atoe hati ya nyumba iwekwe rehani ili upate pikapu uanze kubeba mananasi ya Kiwangwa kuyaleta mjini.

Wazo lako ni zuri na wala hatulibezi. Kiwangwa ni nchi ya mananasi, na hilo halihitaji mjumbe. Tangu barabara ya kutoka Bagamoyo hadi Msata, kilometa 64, ilipowekwa lami, nanasi lililokuwa likiozea shambani sasa linaweza kukatwa alfajiri na kuliwa Dar es Salaam siku hiyo hiyo. Tena nanasi si ndizi, ndugu yetu. Ndizi ukiikata mbichi itaiva ndani ya tenga. Nanasi likishakatwa haliongezi utamu hata chembe. Kinachobaki ni kuelekea kuoza. Kwa hiyo mwenye gari ndiye mwenye sauti. Mkulima asiye na gari hupangiwa bei na dalali huku amesimama kando ya lami na fungu lake linapigwa jua.

Kwa hiyo nunua pikapu. Lakini pikapu gani? Hapo ndipo vijana wetu wengi wanapozikwa wangali hai.

Tumekuwa tukiwasikia vijiweni. Ubishi hauishi: dabo kebini au singo? Yenye rimu za kumeremeta au yenye rimu za chuma? Yenye kapeti au yenye mpira sakafuni? Vioo vya kubonyeza au vya kuzungusha kwa mkono? Kijana anaulizwa, "Umenunua ipi?" Anajibu kwa kifua mbele, "Fulu opsheni, mwanangu!" Kijiwe kizima kinashangilia. Miezi sita baadaye gari liko kwa mnada na mama anatafuta chumba cha kupanga. Kijiwe kile kile kiko kimya.

Sisi tunasema wazi: mng'aro umeua mitaji mingi kuliko ajali. Tuyatazame mambo haya moja baada ya jingine, bila ushabiki.

GARI MOJA, SURA TATU

Tuanze na Toyota Hilux, maana ndiyo mfalme wa barabara zetu za vumbi. Gari hili lilianza kutengenezwa Japani mwaka 1968, na jina lenyewe limeungwa kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "juu" na "anasa". Ona kichekesho! Gari lililoitwa la anasa likaja kuwa punda wa dunia nzima. Wenye anasa wakalikataa kwa muda mrefu, wenye kazi wakalikumbatia.

Hilux huja na sura tatu. Kwanza ni singo kebini: mlango mmoja kila upande, kiti cha mbele tu, na bodi ndefu nyuma. Pili ni ile ya kebini iliyoongezwa kidogo, ambayo nyuma ya viti ina nafasi ya kuweka begi, jeki na mtoto mmoja anayevumilia. Tatu ni dabo kebini: milango minne, viti vya watu watano, na bodi iliyokatwa kama mkia wa mbuzi.

Sasa shika kalamu. Katika Hilux za kizazi kilichotoka mwaka 2015, bodi ya singo ina urefu wa mita 2.3 hivi. Ile ya kati ina mita 1.8. Dabo kebini ina mita moja na nusu na kidogo. Maana yake ni nini? Theluthi nzima ya bodi imeliwa na kiti cha nyuma. Nanasi lina taji lake kichwani, halikubali kubanwa kama mahindi ndani ya gunia. Linataka nafasi. Mzigo ambao mwenye singo ataumaliza kwa safari mbili, mwenye dabo atahitaji safari tatu. Safari ile ya tatu, ndugu yetu, mafuta ni yako, ushuru wa geti ni wako, tairi linalokwisha ni lako, na faida yake umeikalia kwenye kiti cha nyuma kisichokuwa na mtu!

Kuna jambo jingine ambalo dalali wa magari hakuambii. Bodi fupi ya dabo kebini imekaa juu ya ekseli ya nyuma na kwenda nyuma yake. Ukiijaza, mzigo wote unalalia nyuma, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, na usukani unaanza kuelea. Katika bodi ndefu ya singo, sehemu ya mzigo inakaa mbele ya ekseli, gari linatulia. Dereva aliyewahi kushuka mteremko wenye utelezi wakati wa masika, na mzigo nyuma, anajua tunachosema.

DARAJA LA MAPAMBO

Hizo ni sura. Ndani ya kila sura kuna madaraja, na hapa ndipo mchezo mchafu unapochezwa. Gari lile lile, chasi ile ile, hutolewa kiwandani likiwa limevalishwa nguo tofauti. Zile za Thailand, ambazo wengi wetu tunaziita Vigo, zilikuja kwa herufi: J ni ya kawaida kabisa, E ni ya katikati, G ni ya juu. Kule Australia ya chini huitwa Workmate, yaani mwenzi wa kazi, kisha SR, kisha SR5. Japani kwenyewe, dabo kebini za miaka ya 1990 zilikuwa na beji ya SSR-X, ambayo kwa vijana wa wakati ule ilikuwa kama cheo cha jeshi.

Ya chini ina nini? Rimu za chuma, bampa jeusi lisilopakwa rangi ya gari, sakafu ya mpira, viti vya kitambaa kigumu au vya plastiki, vioo vya kuzungusha kwa mkono, na pengine haina kiyoyozi. Ya juu ina nini? Rimu za aloi, kromiamu puani na kwenye vishikio vya milango, taa za ukungu, ngazi ya pembeni, kapeti, usukani wenye ngozi, na redio yenye kioo kama televisheni.

Sasa tukuulize swali moja tu. Katika hayo yote ya juu, lipi linabeba nanasi?

Rimu ya aloi ikipiga shimo kwa nguvu inapasuka, na ukiwa porini huna la kufanya. Rimu ya chuma ikipinda, fundi anaigonga kwa nyundo na safari inaendelea. Kapeti ikilowa matope ya Kiwangwa inanuka wiki nzima; sakafu ya mpira unamwaga ndoo moja ya maji na kazi imekwisha. Kioo cha kuzungusha kikikataa, fundi wa chini ya mwembe atakitengeneza. Kioo cha kubonyeza kikikataa, utaipita Mtaa wa Shauri Moyo yote ukitafuta mota, na ukiipata utaambiwa bei ya mbuzi wawili.

Halafu tazama chini ya uvungu. Chasi haijali beji. Springi za majani za nyuma hazijui kromiamu ni nini. Tena katika baadhi ya masoko, yale magari ya daraja la juu huwekewa springi laini zaidi ili mheshimiwa asitikisike akienda ufukweni. Wewe unataka kumstarehesha mheshimiwa, au unataka kubeba tani moja?

Tupige hesabu nyingine. Chukua nanasi la kilo 2. Tani moja ni mananasi 500. Huo ndio uwezo wa kawaida wa pikapu ya ukubwa huu, na mtengenezaji hakukusudia tani mbili. Tunajua mjini hapa lumbesa imekuwa dini, gunia likijaa linaongezewa kichwa, na pikapu ikijaa inaongezewa ghorofa. Lakini lumbesa haimjui mwenye gari. Ikivunja ekseli haiulizi ulikuwa umebakiza marejesho mangapi.

Na kirikuu je? Vile vigari vidogo vya Japani vinavyopendwa sasa na vijana, vina injini ya sisi 660, na kwa sheria ya kwao vimetengenezwa kubeba kilo 350. Kwa nanasi letu la kilo 2, hayo ni mananasi 175. Kwa kuzungusha mzigo ndani ya mji, kutoka Buguruni hadi mtaani kwako, kirikuu ni mtumishi mwaminifu na hanywi mafuta. Kwa kuingia mashamba ya Kiwangwa mvua ikinyesha na kutoka na mzigo kamili, unamtuma mtoto kazi ya mtu mzima.

Upande wa pili kuna Land Cruiser pikapu, jamaa wa ile tunayoiita mkonga. Familia hiyo ya magari ilianza mwaka 1984, na ile injini yake ya dizeli ya lita 4.2, 1HZ, ilianza mwaka 1990. Haina tabo, pampu yake ni ya mitambo isiyohitaji kompyuta, na mafundi wetu wanaijua kama wanavyojua majina ya watoto wao. Lakini inakunywa, na bei yake ni ya wakubwa. Ukiwa na mtaji wa mlalahoi, iheshimu ukiwa mbali.

USIDANGANYWE NA STIKA

Tahadhari, kijana! Mjini kuna mabingwa wa kulivisha punda joho. Bampa la kromiamu linanunuliwa dukani. Stika ya SR5 inanunuliwa dukani. Maandishi ya "3.0" yanabandikwa ubavuni mwa gari lenye injini ya 2.5 na unauziwa kwa bei ya 3.0. Kuna hata gari lililoinuliwa juu kama foo-wili, ukichungulia chini mbele hakuna difu. Ni la kusukuma magurudumu mawili tu ya nyuma. Toleo la namna hiyo lilitengenezwa kiwandani kabisa kwa ajili ya watu wa mjini wanaopenda kuonekana wako juu. Ukilinunua ukidhani ni foo-wili, masika ya kwanza yatakupa jibu.

Dawa yake ni hii: fungua boneti au mlango utafute kibati cha kiwanda. Pale pameandikwa msimbo wa gari, namba ya rangi na namba ya mapambo ya ndani. Kwa zile Vigo za foo-wili, KUN25 ni injini ya lita 2.5 na KUN26 ni ya lita 3.0. Kwa kizazi kilichofuata, GUN125 ni lita 2.4 na GUN126 ni lita 2.8. Kibati hakina haya wala hakimwogopi dalali. Kama maneno ya ubavuni hayapatani na maneno ya kibati, kibati ndicho kinachosema kweli.

Jambo jingine ni nozeli. Injini hizi mpya za dizeli zinapeleka mafuta kwa shinikizo kubwa mno na zinaongozwa na kompyuta. Zina nguvu, zinabana matumizi, lakini hazitaki uchafu. Hatujasahau balaa la kuchakachua mafuta hapa nchini, hata EWURA wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuwakata mikono wachakachuaji. Aliyeumia ni nani? Mlalahoi mwenye koroboi. Kwa hiyo kabla hujanunua, muulize fundi wako, si dalali: nozeli za gari hili ni shilingi ngapi, na je, zinatengenezeka hapa hapa?

NANI ALIYETUFUNDISHA MNG'ARO?

Tusimlaumu kijana peke yake. Mtoto hucheza ngoma anayoisikia nyumbani kwao. Baada ya uhuru tuliwaona Wabenzi, wale walioshika viti vya wakoloni na magari yao. Enzi za ruksa zikaja Pajero. Baadaye likaja shangingi, na neno hilo likaingia katika lugha yetu kwa sababu watu walihitaji jina la kukiita kile walichokiona kila siku kikiwapita kwenye foleni. Na kwenye dabo kebini hali ni hiyo hiyo. Lenye namba ya STK au DFP utalikuta la daraja la juu, bodi yake safi, haijawahi kubeba hata kiroba cha mkaa, imefunikwa turubai jeusi kama jeneza. Serikali imenunua pikapu isiyobeba kitu!

Kijana wa Kiwangwa anayeponda vumbi la msafara huo kando ya barabara anajifunza nini? Anajifunza kwamba heshima ni kromiamu. Anajifunza kwamba mtu ni milango minne. Siku akipata senti zake, anakwenda kununua heshima, wala si gari.

Majirani zetu Wakenya waliwahi kujaribu. Mwaka 2009 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza mawaziri waachane na magari makubwa, wapande yenye injini isiyozidi sisi 1800, na zikaletwa Volkswagen Passat. Wapo walionuna, wapo walioona wamevuliwa nguo hadharani. Hilo pekee linatosha kukuonyesha kwamba gari kwao halikuwa chombo cha usafiri. Lilikuwa cheo.

Na hatusemi haya kwa chama kimoja. Kiongozi wa upinzani anayekuja mkutanoni na msafara wa mashangingi kutuhubiria umaskini wetu, naye amo katika ngoma hiyo hiyo. Anayedai mageuzi aanze na gari lake.

LAKINI SI KILA PAMBO NI PAMBO

Hapa, ndugu msomaji, ndipo tunapotaka utusikilize kwa makini zaidi, maana yuko atakayesema, "Basi gazeti limetuambia tununue gari kavu kabisa." La hasha! Hatukusema hivyo.

Katika yale madaraja, watengenezaji wamechanganya vitu viwili visivyopaswa kuwa sahani moja. Wameweka kromiamu na uhai katika bei moja. Kwa miaka mingi, mifuko ya hewa inayomkinga dereva kifuani gari likigonga, na breki zisizofunga magurudumu kwenye utelezi, vilikuwa vitu vya daraja la juu. Gari la chini, gari la kazi, gari la mlalahoi, likaachwa bila. Maana yake, kwa lugha ya kabwela, ni hii: ukiwa na fedha kifua chako kinastahili kulindwa, ukiwa huna, kifua chako ni bampa.

Mnadhani tunatia chumvi? Mwaka 2018 shirika la Global NCAP lilijaribu kwa kugongesha pikapu ya Nissan NP300 Hardbody, iliyotengenezwa Afrika Kusini na kuuzwa kwetu Waafrika. Ilipata nyota sifuri. Sifuri, ndugu zangu! Mwaka uliofuata wakaigonganisha uso kwa uso na Nissan Navara, ya kampuni hiyo hiyo, iliyotumika na kutoka soko la Ulaya. Dereva bandia wa ile ya Ulaya alionekana angetoka salama. Wa ile mpya ya Afrika alionekana angekufa. Kampuni moja, jina moja mlangoni, maisha ya bei mbili. Ilikuwa mpya, imetoka dukani na harufu yake, na ikashindwa na kuukuu la Mzungu.

Kwa hiyo ukienda kununua, lipe kisogo swali la kapeti na uulize haya: mifuko ya hewa ipo mingapi, na haijawahi kulipuka ikafunikwa kwa kifuniko kitupu? Breki za kuzuia kufunga magurudumu zipo na zinafanya kazi? Mikanda inavuta na kushika? Kama lazima uongeze fedha, ongeza hapo. Mfuko wa hewa haumeremeti wala hausifiwi kijiweni, lakini ndiyo pambo pekee litakaloonekana na mkeo.

Na tukiwa katika habari hiyo, tuseme na jambo la aibu. Kila msimu tunawaona vibarua wa mananasi wakirudi makwao wamekaa juu ya mzigo, juu kabisa, miguu inaning'inia, gari linakata upepo kwenye lami ya Msata. Wengi wao ni vijana wa rika lako, na wanawake wenye watoto mgongoni. Nanasi limefungwa kamba. Mtu hakufungwa. Hivi nanasi likidondoka linauma kuliko mtu?

Hapo ndipo dabo kebini inapopata hoja yake ya haki, nasi hatutaificha. Kama kazi yako ni ya kubeba watu wanne na vifaa kila siku, mafundi wa umeme, wapima ardhi, au vibarua wako wa kudumu, basi milango minne si majivuno. Ni mahali pa kumkalisha binadamu kwenye kiti chenye mkanda. Kama una familia na gari ni moja tu, hoja yako tunaipokea. Na wale wanaokodisha kwa miradi, mteja wao hutaka dabo na hulipia dabo. Tunachokataa ni dabo ya kijana mmoja anayekwenda shambani peke yake, viti vitano, makalio mawili.

KAZI HAIJUI BEJI

Tukumbuke yaliyotokea Chad mwaka 1987. Jeshi la nchi maskini, likiwa juu ya pikapu za Toyota, lilivifurusha vifaru vya Libya kaskazini mwa nchi yao, hata vita hivyo vikapewa jina la Vita vya Toyota. Hatusifu vita. Tunauliza tu: zile pikapu zilishinda kwa rimu za aloi? Na mwaka 2003 Waingereza wa kipindi cha televisheni cha Top Gear walichukua Hilux ya dizeli ya mwaka 1988, iliyokwisha kutembea zaidi ya kilometa 300,000. Wakaiacha ikamezwa na maji ya bahari, wakaipiga kwa tufe la kubomolea nyumba, mwishowe wakaiweka juu ya jengo refu lililoangushwa kwa baruti. Fundi akaishika kwa vifaa vya kawaida bila spea mpya, ikawaka, ikaenda. Mapambo yote yalikwisha kusagika. Chasi na injini ndivyo vilivyoamka.

Bagamoyo ni mji wa mizigo tangu enzi za misafara. Pagazi aliyetoka bara kwa miguu alibeba frasila mbili, kilo 30 na kitu, hadi pwani. Hakuna pagazi aliyechagua mzigo wake kwa uzuri wa kamba iliyoufunga. Alitazama uzito, akatazama njia, akatazama mabega yake. Wewe mjukuu wake, mwenye magurudumu manne, umeshindwa na hesabu ambayo babu aliifanya peku?

Basi msimamo wetu ni huu.

Kwako kijana: nunua gari kwa kuanzia nyuma kwenda mbele. Anza na bodi, njoo kwenye springi na ekseli, njoo kwenye injini na nozeli, njoo kwenye breki na mikanda na mifuko ya hewa. Ukifika kwenye kromiamu na fedha imekwisha, mshukuru Mungu, maana imekwisha mahali pake. Kama fedha haitoshi gari moja, ungeni watatu, nunueni singo moja iliyo nzima, andikeni mkataba mbele ya mwanasheria au mbele ya serikali ya mtaa, na kila mtu ajue zamu yake na fungu lake. Usikubali mkopo wa kausha damu kwa ajili ya ngazi ya pembeni. Na hati ya nyumba ya mama, irudishe kabatini.

Kwa wauza magari: acheni kuvisha punda joho. Andikeni msimbo wa kibati kwenye karatasi ya mauzo. Anayeuza 2.5 kwa jina la 3.0 hana tofauti na anayeuza maji ya bomba kwa jina la maziwa.

Kwa Serikali: mambo mawili tu. La kwanza, uhai usiwe pambo. Pikapu yoyote mpya itakayouzwa nchini, hata ile ya chini kabisa yenye vioo vya kuzungusha, iwe na mifuko ya hewa na breki salama. Shirika la Viwango lipo, sheria zinatungika. Mbona bia inapimwa? La pili, pikapu za umma ziwe pikapu. Bwana shamba wa Kiwangwa apewe gari la daraja la kazi, lenye rimu za chuma na bodi ndefu, libebe miche, mbolea na sampuli za udongo, na fedha iliyobaki ikachonge njia za kuingilia mashambani. Hapo hata nanasi litafika mjini halijapondeka.

Wahenga walisema, ngoma ivumayo haidumu. Kromiamu nayo huvuma. Jua la pwani na chumvi ya Bagamoyo vitaila ndani ya misimu michache, na chini yake utaona kutu. Lakini marejesho ya mkopo hayaingii kutu. Tarehe ikifika yanagonga mlango yakiwa mapya kabisa.

Vijana, shime! Kesho dalali akikufungulia mlango wa gari linalonukia ngozi na kukwambia "kaa ujisikie", usikae. Zunguka nyuma, shusha mlango wa bodi, toa futi mfukoni, upime.